Daftari la Jikoni

Mwaka juzi, kwa kuwa katika ukoo wetu hapana mtu mwingine aliyewahi kufanya kazi ya ukarani, nilikabidhiwa amana ya kukusanya michango ya harusi ya mpwa wangu, nami, kwa majivuno ya mtu aliyenunua simu mpya, sikuandika hata jina moja katika karatasi. Majina ya watoaji, ahadi zao, fedha nilizotiwa mkononi na zile zilizotumwa kwa njia ya simu, vyote nilivitia katika chombo kile kidogo, nikakifunga kwa namba ya siri niliyoijua peke yangu, nikakitumbukiza mfukoni, nikajiona kuwa mtu wa zama zangu. Siku kumi na mbili kabla ya nikaha, nikishuka pantoni Kigamboni katika msukumano wa asubuhi, simu ilinichomoka mkononi, ikagonga ukingo wa chuma, ikaenda majini. Na watu sitini na wanne, pamoja na ahadi zao, wakazama mbele ya macho yangu kabla sijawahi hata kusema inna lillahi.

Lililofuata ni juma zima la kubisha hodi. Nilizunguka Temeke, Magomeni na Buguruni nikiwauliza watu wazima, kwa heshima zote zinazowezekana katika swali la aibu, kama walikuwa wamekwisha kutoa au bado. Wapo waliokumbuka kuwa wamelipa, na wapo waliokumbuka kuwa wamelipa zaidi ya walivyoahidi. Aliyekumbuka kuwa anadaiwa sikubahatika kuonana naye. Siwatuhumu uongo. Kumbukumbu ya mwanadamu ina huruma nyingi kwa mwenyewe, na hakuna hesabu iwahiyo kusahaulika kama ile ya fedha ambayo bado haijatoka mfukoni.

Nilipokwisha kuchoka nilipanda basi nikaenda Tanga, Ngamiani, barabara ya 12, kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye kwetu hakuna jambo linalofanyika pasipo yeye kuarifiwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkeka. Nasikia harusi yenu imezama Kigamboni."

Nilikiri kuwa imezama. Hakucheka, wala hakunilaumu. Aliinuka taratibu, akapitisha mkono nyuma ya kabati la vyombo, akatoa daftari la viboksi la kurasa 96, limevikwa gazeti kuukuu kama tulivyokuwa tukivika madaftari yetu ya shule, na kalamu ya biki ikining'inia ubavuni kwa uzi wa cherehani. Alilamba kidole, akafunua. Katika watu wangu sitini na wanne, hamsini na mmoja walikuwamo, kila mmoja kwa kiasi chake na tarehe yake. Kwani kila aliyenipa mimi alimpigia yeye simu kumwarifu, kwa kuwa kwetu mchango hutolewa mara mbili, mara moja kwa mkono na mara ya pili kwa ulimi, na shangazi, ambaye hakuwa katibu wala mweka hazina wa kamati yoyote, aliandika kila alichoambiwa.

"Wewe walikupa fedha," alisema, "mimi walinipa habari."

Walakini lililonishughulisha zaidi ya majina yale ni mambo yaliyoyazunguka. Juu ya orodha ya harusi, na chini yake, na pembezoni mwake, ilikuwamo nyumba nzima ya shangazi. Mtungi wa gesi wa kilo 15 umefunguliwa Mfungo Nane, mwezi tatu. Sukari kilo mbili, duka la kona, bado. Namba ishirini za umeme, zimegawanywa nne nne ili jicho la mzee lisipotee njiani. Fundi wa bati amechukua fedha ya misumari, amesema atarudi Jumatano. Chini yake, kwa wino mwingine, Jumatano hakuja. Chini yake tena, Jumatano ya pili hakuja. Kanga doti moja kwa jirani aliyejifungua, kwa kuwa naye alileta doti moja mwaka ule. Dawa ya presha, vidonge tisa vimebaki. Mtoto apelekwe kliniki tarehe 14. Na mbele ya maneno hayo, kwa mwandiko mkubwa unaopanda mlima, mtu mwingine ameandika: amepelekwa. Niliuliza ni mwandiko wa nani, nikaambiwa ni wa mjukuu wa darasa la nne, aliyeagizwa kwenda na mama yake kumshikia kadi.

Mwandiko ule wa mtoto ndio ulionifanya niandike makala haya. Maana katika nyumba zetu nyingi, za matajiri na za maskini, za mjini na za shamba, daftari la nyumba ni kichwa cha mama. Yeye ndiye ajuaye kama chumvi ipo, mkaa utafika lini, sare ya shule imeraruka wapi, mwenye nyumba atakuja siku gani, mtoto yupi hali samaki wa aina gani, na nani alikuja kutuhani hata nasi tukapaswa kwenda kwake, na sisi wengine, tuliojaliwa macho na miguu kama yeye, tumezoea kusimama mlangoni tukauliza, "Mama fulani, kile kitu kiko wapi?", kisha tukamsifu kwa hifadhi yake njema, kwa kuwa kumsifu ni kazi nyepesi kuliko kuinuka. Akisafiri siku tatu kwenda kumwuguza nduguye, nyumba hubaki kama ofisi ambayo karani wake amekwenda likizo na funguo zote. Baba hununua sukari iliyokuwapo, huacha unga uliokwisha, na siku ya mwisho ya kulipa ada hupita ikimtazama.

Rai yangu, basi, ni kuwa kila nyumba yenye mtu mmoja ajuaye kusoma iwe na daftari moja la karatasi, lisilo la thamani, lililo wazi, lililotundikwa mahali ambapo wote hupita. Na kwamba kazi yake ya kwanza ni kuutoa mzigo wa kukumbuka katika kichwa kimoja na kuuweka ukutani ambapo kila mwenye mkono anaweza kuushika. Kubana matumizi, ambako ndiko kunakotajwa kila watu wanaposema habari ya madaftari, ni faida ya pili. Ni faida kubwa, sikatai, na wahenga walipotuambia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wakisema jambo walilolishuhudia madukani na majahazini. Lakini mali si kitu pekee kipoteacho bila habari. Nguvu za mtu hupotea pia.

Wala mtu asidhani kuwa nawaletea desturi ya kigeni. Neno daftari limetufikia kwa Kiarabu na Kiajemi, na asili yake ya mbali ni neno la Kiyunani la ngozi ya mnyama, kwa kuwa watu waliandika hesabu zao katika ngozi kabla ya karatasi kuenea. Nasi tumelitumia kwa karne nyingi kiasi kwamba hakuna Mswahili anayelihisi kuwa mgeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, haielezi moto wala pepo, bali inaamuru deni liandikwe, likiwa dogo au kubwa, na mwandishi aliandike kwa uadilifu, na watu wasichoke kuliandika. Kadhalika Mwana Kupona binti Mshamu, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858 na akaona haja ya kumwachia binti yake maarifa ya kuishi na watu na kuendesha nyumba, jambo la kwanza alilomtaka ni wino na karatasi. Mimi sikubaliani na kila nasaha ya bibi yule, hasa zile zinazomhusu mume, na najua kuwa wako wasomaji watakaonikemea kwa kusema hivyo. Lakini katika hili la wino na karatasi sina neno la kumpinga.

Wajapani nao, ambao watu hupenda kuwatolea mfano kwa mambo ya viwanda tu, wana daftari maalumu la hesabu za nyumba waliloliita kakeibo, lililotungwa mwaka 1904 na Hani Motoko, mmoja wa wanawake wa kwanza kuwa waandishi wa habari nchini kwao. Linajulikana hata leo, na hata watu wenye kompyuta hulijaza kwa mkono.

Nasema daftari lisilo la thamani, na neno hilo nimelikusudia. Kila mwezi wa Januari maduka ya vitabu hujaa diari za jalada la ngozi, zenye utepe wa kuwekea alama na kurasa zilizochapwa tarehe, na wako watu, nami nimo, ambao hununua moja kila mwaka, wakaandika kwa mwandiko wa harusi hadi tarehe 9, kisha wakaiacha ikawa ya kutandikia sufuria. Kitabu kizuri humtisha mwenye kukiandikia. Nani ataandika "vitunguu, dagaa, kiberiti" katika ngozi? Tena vitabu hivyo havikutungwa kwa ajili ya jikoni. John Letts, mwuza vifaa vya kuandikia wa London, alipoanza kuvichapa mwaka 1812, wateja wake walikuwa wafanyabiashara waliotaka kujua meli zao na hawala zao. Na hata leo vimebaki na mwendo wa ofisi, saa juu ya saa, kana kwamba mtoto huugua kwa miadi.

Fauka ya hayo, kalenda zilizomo ndani yake haziendi na ulimi wetu. Juma la kitabu huanza siku ambayo kwetu jina lake lenyewe ni ya tatu. Saa iliyochapwa nane asubuhi kwetu ni saa mbili, na mtoto anayejifunza kusoma kwa daftari la namna ile hufika shuleni akiwa na saa mbili zinazogombana kichwani mwake. Mwezi mwandamo haumo kabisa, au umo kwa herufi ndogo kama tangazo la mnada, ilhali nyumba ya Kiislamu ya pwani huendesha nusu ya mambo yake kwa mwezi huo: Ramadhani, ambayo kwa kuwa mwaka wa mwezi una siku 354 au 355 hurudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka wa miladi, haingoji diari ya mtu, na shangazi yangu huhesabu mtungi wake wa gesi kwa Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Tisa, wala hakosei. Wavuvi na wakulima wa zamani walikuwa na hesabu ya tatu, ya miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, siku ile ambayo Makunduchi bado wanaiadhimisha kwa Mwaka Kogwa. Watu wenye kalenda tatu hawatoshei katika kurasa zilizopigwa mistari na mtu mwenye kalenda moja. Daftari la viboksi la mtoto wa shule halina tarehe yoyote, na kwa sababu hiyo huzipokea zote.

Hata hivyo pana hatari ambayo sitaificha, na nimeiona kwa macho yangu katika nyumba ya rafiki. Bwana huyu, baada ya kusikia mahali fulani habari za bajeti ya familia, alinunua daftari, akamkabidhi mkewe, akamwamuru aandike kila senti ya sokoni, na kila Jumapili jioni akaketi nalo mbele yake na kalamu nyekundu mkononi, akipiga duara penye mashaka kama mwalimu wa hesabu. Kahawa yake ya barazani, sigara zake, na nauli za safari zisizojulikana zilikokwenda, havikuingia katika ukurasa wowote. Haukutimia mwezi wa pili kabla nyanya hazijapanda bei ndani ya daftari kuliko zilivyopanda sokoni. Mke yule alikuwa mwanamke mwaminifu kabla ya daftari. Ni daftari lililomfundisha hila. Aya ile niliyoitaja imemtaka mwandishi awe mwadilifu, na uadilifu wa nyumbani, kwa fahamu zangu, maana yake ni kwamba kalamu iandikayo nyanya za mama iandike pia kahawa ya baba, au isiandike kimoja kati ya hivyo viwili. Nyumba isiyoweza kufanya hivyo na iandike chumvi, gesi, kliniki na zamu za kazi, na ya fedha iyaache mpaka watu wake watakapokuwa tayari kuonana.

Kuhusu simu, sitaki kuonekana mtu mwenye kinyongo kwa sababu ya kisa changu cha Kigamboni. Simu hulia, na daftari halina sauti; mgonjwa mwenye kunywa dawa kwa saa anahitaji kitu cha kumwita, na hapo karatasi haifai kitu. Fedha zetu nazo, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na nduguze wakaenea kwetu, zimehamia humo, na ujumbe wa malipo ni risiti halali. Nisilolikubali ni kuifanya simu kuwa kumbukumbu ya nyumba, kwa sababu nyepesi sana: simu ni ya mtu mmoja. Ina namba yake ya siri, ina siri zake nyingine ambazo hazihusiani na unga, na hakuna mtoto wala mkwe wala msichana wa kazi atakayethubutu kuifungua ili aone kama mkaa umeagizwa. Kilichoandikwa humo kimetoka katika kichwa cha mtu kikaingia katika mfuko wake, na nyumba imebaki na ujinga uleule.

Nilipotoka Tanga nilitundika daftari kwangu, msumarini, kati ya jiko na mlango wa uani, kwa kamba ya katani iliyopita katika tundu la pembe. Juma la kwanza aliandika mke wangu peke yake, nikaanza kuogopa kuwa nimemwongezea kazi badala ya kumpunguzia. Juma la pili tulipatana kuwa amalizaye kitu ndiye akiandikaye, awe nani, na asiyeandika asiulize kwa nini hakipo. Sharti hilo lilinipata mimi mwenyewe kwa majani ya chai, nikanywa maji ya moto matupu siku mbili mbele ya wanangu, nao wakafurahi kupita kiasi. Tangu hapo mambo yamekwenda. Mtungi wa gesi, ambao kila mara ulikuwa ukituishia usiku wa kupika pilau, sasa tunajua kuwa kwetu hudumu siku arobaini kasoro, na siku ya thelathini na tano mtu huanza kutafuta fedha.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye hakubahatika kwenda shule, niliyemdhania kuwa daftari halitamhusu, ndiye aliyelitumia kwa makini kutushinda sote. Wakati wa mgao wa maji, mwuza maji alipokuwa akileta madumu ya lita 20 kwa mkokoteni na kulipwa mwisho wa mwezi, yeye alichora duara moja kwa kila dumu, na duara lenye nukta katikati kwa kila dumu lililokuja na maji ya chumvi. Mwuzaji alipodai madumu sitini na nane, mama aliomba ashushiwe daftari, akahesabu kwa ncha ya kidole, polepole, duara kwa duara, akafika sitini na moja. Na katika hayo manane yalikuwa na nukta. Kijana yule aliyatazama maduara kwa muda, akakuna shingo, akasema, "Haya, mama, na iwe hivyo." Akalipwa hamsini na matatu. Hakujua kuusoma ukurasa ule, na aliyeuandika naye hajui kusoma.

Msomaji aliyenivumilia hadi hapa simwombi anunue kitu kipya. Katika mikoba ya watoto wake, mwisho wa muhula, hakosi daftari lililoandikwa nusu. Alikate kurasa zilizotumika, alitoboe pembe, alitundike, na ukurasa wa kwanza aandike yeye, hasa kama ni baba, kitu kimoja kilichokwisha nyumbani ambacho hakuna aliyemtuma akitazame. Atakapokosa cha kuandika, na ajue kuwa hajaingia jikoni siku nyingi.

Harusi ya mpwa wangu ilifungwa kwa siku yake, na waliodai kuwa wamelipa zaidi walikula pilau kama wengine. Shangazi nilimpigia simu juma lililopita kumjulia hali, akaniambia yu mzima, presha imeshuka, na daftari la kurasa 96 limejaa, ameanza jingine. Fundi wa bati hajarudi, na imeandikwa.